Pride and Prejudice ya BBC ya 1995: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomkalisha mtu mpya mbele ya tamthilia hii, maswali huwa ni yale yale, na mengi hayahusu mapenzi. Yanahusu mirathi, pesa, na nani anaruhusiwa kuzungumza na nani. Nimeyajibu hapa kwa urefu kwa sababu naamini mtu asiyeelewa mirathi ya Longbourn, nyumba ya familia ya Bennet, ataona magauni na dansi tu, na uhondo wenyewe utampita. Kama hutaki kujua mwisho kabla hujatazama, soma maswali manne ya kwanza, katazame, kisha urudi.

Ni tamthilia gani hasa?

Ni tamthilia ya sehemu sita iliyotengenezwa na BBC kwa kushirikiana na kituo cha A&E cha Marekani, kutokana na riwaya ya Jane Austen iliyotoka London tarehe 28 Januari 1813. BBC1 iliirusha Jumapili jioni kwa wiki sita, kuanzia 24 Septemba hadi 29 Oktoba 1995. Mswada uliandikwa na Andrew Davies, mwongozaji ni Simon Langton, mtayarishaji ni Sue Birtwistle, na muziki ni wa Carl Davis. Jennifer Ehle ndiye Elizabeth Bennet na Colin Firth ndiye Bwana Darcy. Ukizitazama sehemu zote sita bila kupumzika utatumia karibu saa tano na nusu.

Jina lake tulielewe vipi kwa Kiswahili?

Neno la kwanza halina shida: kiburi. La pili ndilo linalotusumbua. Wapo wanaolitafsiri "chuki" na wapo wanaosema "ubaguzi", na yote mawili yanampeleka msomaji kusiko. Elizabeth hamchukii Darcy kwa sababu ya kabila wala rangi. Amemdhania vibaya tangu usiku wa kwanza, na kuanzia hapo kila analofanya yule bwana linapimwa kwa dhana ile ile. Mimi ningeiita "Kiburi na Dhana", nikimaanisha ile dhana mbaya ambayo wazee wetu walitukanya nayo.

Wengi hugawana hivi: kiburi ni cha Darcy, dhana ni ya Elizabeth. Tazama vizuri utaona kila mmoja anavyo vyote viwili. Elizabeth anajivunia akili yake ya kuwasoma watu, na ni hiyo fahari iliyomfanya amwamini mwongo mwenye sura nzuri.

Austen mwenyewe alianza na jina jingine, First Impressions, yaani jinsi mtu anavyoonekana mara ya kwanza. Mwaka 1797 baba yake aliandika barua kuhusu mswada huo kwa mchapishaji mmoja wa London, naye akakataa hata kuuona. Ulikaa miaka mingi kabla haujaandikwa upya. Ulipotoka, aliuuza moja kwa moja kwa pauni 110, ilhali alitaka 150, na jina lake halikuwekwa kwenye kitabu.

Hadithi inahusu nini, kwa kifupi?

Bwana na Bi Bennet wana mabinti watano ambao hawajaolewa, huko Hertfordshire. Kijana tajiri, Bwana Bingley, anapanga jumba la jirani liitwalo Netherfield na kuja na rafiki yake tajiri zaidi, Bwana Darcy. Bingley anampenda Jane, binti mkubwa. Darcy, kwenye dansi ya kwanza, anasema kwa sauti ya kusikika kwamba Elizabeth, binti wa pili, ni wa kuvumilika tu, hajafikia uzuri wa kumfanya anyanyuke kucheza naye. Elizabeth anasikia. Kisha anatokea Wickham, afisa mtanashati mwenye maneno matamu. Anakuja Collins, kasisi na ndugu wa mbali atakayerithi nyumba. Na Lydia, kitinda mimba wa miaka kumi na mitano, anawakimbilia maafisa wa jeshi kama kipepeo anavyoukimbilia mshumaa.

Naweza kuitazama na wazazi na watoto sebuleni?

Ndiyo. Hakuna matusi, hakuna utupu, hakuna damu. Watoto wadogo watachoka kwa mazungumzo. Wazazi hawatachoka hata kidogo.

Kwa nini Bi Bennet ana kiherehere kile? Ananichosha.

Ana hofu, na hofu yake ina msingi. Mali ya Longbourn imefungwa kisheria ipite kwa mrithi wa kiume tu. Bwana Bennet hawezi kuiuza wala kuwaandikia wosia wanawe. Akifa leo, mjane na mabinti watano wanatakiwa kuhama, na nyumba inakwenda kwa Collins, mtu ambaye hadithi ikianza hawajawahi hata kumwona. Kwa msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo binti ana fungu lake linalojulikana, jambo hili hushangaza kweli, na ni vizuri lishangaze.

Zipige hesabu mwenyewe. Longbourn inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, na hayo ni maisha mazuri: watumishi, farasi, nyama mezani. Mapato hayo yanakoma siku ya mazishi. Kinachobaki kwa kila binti, tena baada ya mama naye kufariki, ni pauni 1,000 zilizowekezwa kwa faida ya asilimia 4. Hiyo ni pauni 40 kwa mwaka. Collins, wakati anamposa Elizabeth, anamkumbusha kiasi hicho hicho usoni, na kuongeza kwamba hatamlaumu kwa umaskini wake wakishaoana.

Na Bwana Bennet je, yule baba mcheshi anayejifungia maktaba? Tunampenda kwa maneno yake, Benjamin Whitrow ameyasema kwa utulivu unaochekesha sana. Lakini hakuweka akiba. Alipooa alitegemea kupata mtoto wa kiume, ambaye akifikia umri wangeshirikiana kukivunja kile kifungo cha kisheria. Wakazaliwa wasichana watano, na alipotambua kuwa wa kiume haji tena, muda wa kuweka akiba ulikuwa umepita. Kwa hiyo katika nyumba ile, mtu anayepiga kelele ndiye pekee anayehangaikia kesho ya watoto. Wapo wanaosema Alison Steadman, aliyemwigiza Bi Bennet, alizidisha sauti na vitambaa vya machozi. Mimi namtetea. Mama anayejua kuwa wanawe watano wanaweza kuishia kulala kwa fadhila za ndugu hazungumzi kwa upole.

Mbona hakuna mahari? Au ipo?

Ipo pesa, ila inatembea upande mwingine. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Katika Uingereza ya wakati ule binti ndiye aliyekwenda na mali kwa mume, na wanaume walijua kila msichana ana kiasi gani. Georgiana, dada yake Darcy, ana pauni 30,000, na ndiyo sababu Wickham alijaribu kumtorosha akiwa na miaka kumi na mitano. Mara mwanamke akishaolewa, fedha na vitu vyake vilikuwa vya mumewe kisheria, isipokuwa familia iwe imemwandikia mkataba wa kumlinda. Sheria hiyo ilianza kubadilishwa mwaka 1870, kisha ikabadilishwa kwa kina mwaka 1882, zaidi ya nusu karne baada ya Austen kufariki.

Darcy ni tajiri kiasi gani?

Pauni 10,000 kwa mwaka. Anachoingiza yeye mwaka mmoja, Bwana Bennet anakipata kwa miaka mitano. Ukikilinganisha na zile pauni 40 za Elizabeth, ni mara 250. Sasa kumbuka kwamba mwanamke mwenye pauni 40 ndiye aliyemwambia mwanamume mwenye 10,000 kwamba hata angekuwa wa mwisho duniani asingekubali kuolewa naye. Ukilijua hilo, lile onyesho la posa mwishoni mwa sehemu ya tatu linatisha. Ehle analisema akiwa amekaa wima, mikono imetulia, na Firth anaonekana kama mtu aliyepigwa kofi ambaye hajui aweke wapi uso wake.

Charlotte alikosa nini hadi akaolewa na Collins?

Swali hili naulizwa na vijana kila mara, kwa hasira. Watu wazima huwa hawaliulizi.

Charlotte Lucas ana miaka 27. Si mrembo kwa macho ya majirani, hana mali, na kila mwaka unaopita unamfanya kuwa mzigo kwa kaka zake. Collins ni mjinga na mwenye kujipendekeza, lakini hapigi, halewi, ana kazi ya kanisa, ana nyumba, na siku moja atakuwa na Longbourn. Charlotte anapima na kuamua. Elizabeth anashtuka na kuona rafiki yake amejidhalilisha. Tamthilia inampa Charlotte, aliyeigizwa na Lucy Scott, heshima kubwa katika hili. Elizabeth anapomtembelea Kent, Charlotte anamweleza kwamba humtia moyo mumewe akae bustanini kwa sababu kazi ya bustani ina afya, na kwamba zipo siku ambazo hawakai pamoja kwa zaidi ya dakika chache. Analisema bila kulalamika. Kisha anasema ameridhika. Mara ya kwanza nilimhurumia. Siku hizi namwelewa, na huwa nanyamaza kidogo mahali pale.

Austen alilijua jambo hili kwa mwili wake. Desemba 1802, akikaribia miaka 27, umri wa Charlotte, aliposwa na Harris Bigg-Wither, kijana atakayerithi mali nyingi. Jioni alikubali. Asubuhi akabatilisha, na hakuolewa maisha yake yote. Baba yake alipofariki mwaka 1805, yeye, mama na dada yake Cassandra waliishi kwa msaada wa kaka zake, wakihama huku na huko, hadi mwaka 1809 kaka yake Edward alipowapa nyumba kijijini Chawton. Humo ndimo kitabu hiki kilipoandikwa upya. Aliyemwandika Charlotte alikuwa amesimama kwenye njia panda ile ile na kuchukua njia nyingine, na hakumdharau aliyechukua ya kwanza.

Lydia na Wickham, kwa nini inasemekana wamekwenda Scotland?

Kwa sheria ya ndoa ya mwaka 1753, asiyefikisha miaka 21 hakuweza kuoa wala kuolewa kwa kibali Uingereza bila ridhaa ya mzazi. Sheria hiyo haikuvuka mpaka kuingia Scotland, kwa hiyo wapenzi waliotoroka walikimbilia kijiji cha Gretna Green, cha kwanza baada ya mpaka. Familia ya Bennet inaposikia Lydia ametoroka, tumaini lao ni hilo: angalau waende Gretna Green, waoane. Hofu halisi inaanza inapojulikana hawakwenda. Wamejificha London, bila ndoa, na Wickham hana nia.

Aibu hiyo haimwangukii Lydia peke yake. Dada zake wanne wote wanakosa waoaji kwa siku moja. Ndiyo maana Elizabeth, akimaliza kusoma barua ya Jane mbele ya Darcy, anaamini kabisa kwamba amempoteza. Na ndiyo maana alichofanya Darcy ni kikubwa: anamtafuta mtu anayemdharau kuliko wote duniani, analipa madeni yake, zaidi ya pauni 1,000, anamwekea Lydia pauni 1,000 nyingine, anamnunulia Wickham cheo jeshini, na anataka isijulikane.

Binamu kuoana ilikuwa halali?

Halali kabisa. Lady Catherine, dada wa mama yake Darcy, anataka Darcy amwoe binti yake, Anne, ili mashamba mawili yaungane. Wapwani wanasema binamu nyama ya hamu. Darcy hana hamu hiyo.

Kwa nini Jane anaitwa "Miss Bennet" na wadogo zake wanaitwa kwa majina yao?

Binti mkubwa ambaye hajaolewa huchukua jina la ukoo peke yake. Wanaomfuata huongezewa jina la kwanza: Miss Elizabeth, Miss Mary. Mwanamke aliyeolewa humtangulia asiyeolewa, hata awe mdogo kwake. Ndiyo sababu Lydia, akirudi nyumbani na pete, anamwambia dada yake mkubwa asogee nyuma, sasa nafasi ile ni yake. Ana miaka kumi na sita. Julia Sawalha anaifanya kwa furaha tupu, bila haya wala majuto, na nyuso za dada zake zinasema mengine yote.

Na ukishangaa mke kumwita mumewe "Bwana Bennet" baada ya miaka zaidi ya ishirini ya ndoa, wakumbuke mama zetu wangapi hawajawahi kutamka jina la baba.

Mbona dansi ni ndefu na watu wanaongea tu?

Palikuwa ndipo mahali pekee ambapo kijana na msichana wasio na uchumba wangeweza kuzungumza kwa nusu saa na kushikana mikono mbele za watu bila kuzusha maneno. Kucheza na mtu mmoja mara mbili kulikuwa tangazo. Bingley anamrudia Jane mara ya pili, na ukumbi mzima unaanza kuhesabu. Kwenye dansi ya Netherfield, Elizabeth na Darcy wanagombana kwa adabu huku miguu inafuata muziki. Wakitengana kwa mujibu wa hatua, jibu linasubiri hadi wakutane tena. Waigizaji walilazimika kuzijua hatua hizo barabara ili waweze kuigiza juu yake. Wajuzi wa dansi za kale wanasema ile waliyocheza, Mr. Beveridge's Maggot, ni ya miaka ya 1690, kwa hiyo mwaka 1813 ingekuwa imeshachakaa. Ni kosa ambalo nalisamehe kwa moyo wote.

Je, imekifuata kitabu?

Kwa matukio, karibu yote. Kwa jicho, hapana, na hapo ndipo ufundi wa Davies ulipo.

Kitabu kinaanza na wazazi wakizungumza nyumbani. Tamthilia inaanza na farasi wawili wanaokimbia uwandani, Bingley na Darcy wakiliangalia jumba la Netherfield, na kwa mbali juu ya kilima Elizabeth anawatazama, kisha anateremka njia yake akirukaruka. Kabla neno lolote la maana halijasemwa tumeshaambiwa kwamba hawa ni watu wenye miili, wenye nguvu, wanaopumua. Ile sentensi maarufu ya kwanza ya riwaya, kuhusu mwanamume mwenye mali kuhitaji mke, kapewa Elizabeth aiseme kwa mzaha wakiwa njiani wanatoka kanisani.

Austen karibu hatuoneshi Darcy akiwa mbali na wanawake wa hadithi. Davies akatujazia hapo: Darcy anaoga na kumchungulia Elizabeth akicheza na mbwa bustanini, Darcy anashindana kwa upanga na kujiapiza kwamba hisia hizi atazishinda, Darcy anapita vichochoro vya London akiwatafuta Lydia na Wickham. Kitabuni habari za London tunazisoma kwenye barua. Hapa tunamwona akigonga milango.

Barua ile ndefu ambayo Darcy anamwandikia Elizabeth baada ya kukataliwa ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Kitabuni ni sura nzima ya mtu mmoja kujieleza, na mwandishi wa runinga angeweza kuikata. Davies aliigeuza kuwa usiku mmoja: Darcy yuko mezani na kalamu, shati limefunguliwa shingoni, na kumbukumbu za Wickham, tangu wakiwa wanafunzi, zinamjia moja moja. Tunaisikia barua kabla Elizabeth hajaisoma. Kwa mara ya kwanza mtazamaji anajua zaidi kuliko yeye, na kuanzia hapo hatusubiri tena kuona kama Darcy ni mwema. Tunasubiri Elizabeth alione.

Na lile onyesho la ziwa, limo kitabuni?

Halimo. Kitabuni Elizabeth anatembelea Pemberley, jumba la Darcy, na mjomba na shangazi yake, akidhani mwenyewe hayupo, na Darcy anatokea ghafla kwenye njia iendayo mazizini nyuma ya nyumba. Basi. Katika tamthilia anatoka safarini na jasho, anavua koti, anajitupa ziwani, na dakika chache baadaye anakutana na Elizabeth nyasini akiwa na shati lililolowa maji. Sehemu ya kuruka ilifanywa na mwigizaji mbadala, na picha za chini ya maji zilipigwa ndani ya tangi kwenye studio za Ealing, London.

Onyesho hilo limekuwa maarufu kupita kiasi. Mwaka 2013 liliwekwa sanamu kubwa la Darcy, la futi 12, katika ziwa la Serpentine jijini London, na baadaye likapelekwa Lyme Park, kwenye ziwa lenyewe la onyesho. Lakini watu wakikumbuka shati wanasahau kinachofuata. Wawili hawa mara ya mwisho walitukanana chumbani Kent. Sasa hawana la kusema. Darcy anamuuliza kama wazazi wake wazima, Elizabeth anajibu, na baada ya muda mfupi Darcy anamuuliza tena kama wazazi wake wazima. Maji yote yale yaliwekwa ili mtu mwenye kiburi akutwe hana koti, hana kofia na hana maneno.

Na kabla ya hapo, msikilize yule mama msimamizi wa nyumba, Bi Reynolds. Amemjua bwana wake tangu ana miaka minne, na anasema hajawahi kusikia neno baya kutoka kwake. Elizabeth anaanza kubadilika hapo, akiwa amesimama mbele ya picha ya Darcy ukutani. Mtu humjua tajiri kwa wanaomfanyia kazi.

Ilipigwa wapi?

Picha zilipigwa kuanzia Juni hadi mwanzo wa Novemba 1994. Meryton, mji mdogo wa jirani na Longbourn, ni kijiji cha Lacock, Wiltshire, ambacho nyumba zake za kale bado zipo. Longbourn ni Luckington Court, huko huko Wiltshire. Netherfield kwa nje ni Edgcote Hall, na ukumbi wake wa dansi ni Brocket Hall. Rosings, jumba la Lady Catherine, ni Belton House, Lincolnshire.

Pemberley ni majumba mawili. Kwa nje ni Lyme Park, Cheshire. Ukiingia mlangoni umefika Sudbury Hall, Derbyshire, kwa kuwa haikuwezekana kupiga picha za ndani kule Lyme. Elizabeth anapochungulia dirishani, kinachoonekana nje na chumba alichosimama havipo mkoa mmoja. Sijakutana na mtu aliyegundua bila kuambiwa. Lyme Park, Belton na Sudbury zote ziko chini ya National Trust, shirika la Uingereza linalohifadhi majumba ya kale, na wageni wanaruhusiwa.

Waigizaji wakuu walikuwa nani kabla ya hapo?

Ehle alizaliwa North Carolina, Marekani, mama yake akiwa mwigizaji Mwingereza Rosemary Harris. Alikuwa na miaka ishirini na minne tu picha zilipokuwa zikianza kupigwa, na kazi hii ilimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike. Nasema wazi: watu humzungumzia Firth, lakini tamthilia nzima imebebwa na macho ya Ehle. Anacheka kwa macho kabla mdomo haujacheka.

Firth alikuwa mwigizaji mwenye jina la wastani na alisita kulipokea jukumu. Nywele zake si nyeusi vile, zilipakwa rangi. Darcy ilimfuata hadi kwenye filamu ya Bridget Jones ya mwaka 2001, ambamo aliigiza wakili anayeitwa, kwa makusudi kabisa, Mark Darcy.

Moja zaidi, kwa wapenda habari za familia: Emilia Fox, aliyeigiza Georgiana, ni binti wa kuzaa wa Joanna David, aliyeigiza Bi Gardiner, shangazi yake Elizabeth.

Ilipokewaje?

Kila sehemu ilitazamwa Uingereza na watu kama milioni 10 hadi 11. BBC ilitoa kanda za video kabla hata sehemu ya mwisho haijarushwa, na toleo la kwanza la kanda 12,000 lilikwisha ndani ya saa mbili. Dinah Collin alipata tuzo ya Emmy kwa mavazi. Baada ya hapo vituo vya televisheni na studio za filamu viliirudia riwaya moja baada ya nyingine ya Austen.

Nitazame hii au filamu ya 2005?

Filamu ya Joe Wright, yenye Keira Knightley na Matthew Macfadyen, ni nzuri kwa macho na ina mvua, ukungu na mapigo ya moyo. Ina saa mbili na dakika chache. Ndani ya muda huo Charlotte anapata kilio kimoja, Wickham anapita kama mgeni wa njiani, na Lady Catherine anakuja usiku wa manane. Ukitaka kupenda, itazame. Ukitaka kuelewa kwa nini kupenda kulikuwa hatari, chukua saa tano na nusu.

Kiingereza chake kigumu?

Kigumu kidogo kwa sababu sentensi ni ndefu na watu wanatukanana kwa heshima. Washa maandishi ya chini ya skrini, hata kama Kiingereza unakijua. Ndani ya sehemu moja sikio litazoea.

Nisome kitabu kwanza?

Tazama kwanza. Kitabu kina sura 61 na hakitakimbia, na ukikisoma baadaye utamsikia Bwana Bennet kwa sauti ya Whitrow.

Ukiambiwa uchague onyesho moja tu?

Sehemu ya tano, usiku, ukumbi wa muziki wa Pemberley. Elizabeth amekwisha kuimba wimbo wa Mozart, na sasa Georgiana, msichana mwenye haya nyingi, anapiga piano. Dada yake Bingley, Caroline, ambaye anamtaka Darcy na anaona anampoteza, anatupa neno kuhusu kikosi cha askari kuondoka Meryton, kisha analitaja jina la Wickham. Anadhani anamchoma Elizabeth. Hajui kwamba jina hilo ni kidonda cha Georgiana. Vidole vya msichana vinakosea, muziki unakatika.

Elizabeth anajua. Ameisoma ile barua. Anainuka pale pale, anakwenda kwenye piano na kuomba radhi kwamba amemwacha Georgiana apige bila mtu wa kumfunulia kurasa. Muziki unaendelea. Wengine ukumbini hawajui kuna mtu ameokolewa. Kisha Elizabeth anainua macho juu ya piano, na Darcy anamtazama, na hakuna anayesema neno.

Kitabuni hakuna piano wakati huo. Ni mchana, ni ziara ya wanawake ya saa za asubuhi, na Elizabeth anajibu kwa utulivu tu. Davies alichukua ukurasa ule, akauhamishia usiku, akauwashia mishumaa, akautilia muziki unaokatika na mkono unaofunua kurasa. Wageni wakishaondoka, Darcy anarudi ukumbini peke yake, anasimama, na uso ule juu ya piano unamrudia.